Mto Mbwemkuru na Walinzi Wake Wasio na Mshahara

Bandari ya Kiswere, iliyo kusini ya Kilwa Masoko katika pwani ile ambayo zamani majahazi ya Unguja yalifika kupakia sandarusi, mpira, ufuta na, katika siku za aibu, hata wanadamu, ni ghuba iliyokingwa vyema kwa maumbile, ambamo nahodha aliyezijua njia zake aliweza kutia nanga akalala bila hofu, ikivuma kusi au ikivuma kaskazi. Kingo zake zimevikwa mikoko. Na kusini yake kidogo, katika ghuba ya Msungu, Mto Mbwemkuru humimina maji yake baharini baada ya mwendo mrefu kutoka bara. Mgeni anayefika huku akaona ngalawa, nyavu zilizoanikwa na samaki waliotandazwa juani, aghalabu huamini kwamba riziki ya watu wa pwani hii hutoka baharini peke yake. Imani hiyo ina nusu ya ukweli tu. Nusu ya pili hushuka na mto: maji ya kunywa, ardhi ya mpunga na mboga mabondeni, matete, ukindu wa kusukia mikeka, na lile tope jepesi lenye rutuba ambalo huilisha mikoko na ambamo kamba wachanga hulelewa hata wakawa wakubwa wa kutoka kwenda bahari kuu.

Nakusudia kueleza habari za watu wanaoulinda mto huo na misitu inayoulisha, yaani wajumbe wa kamati za vijiji, wapiga doria wa misitu, wanajumuiya wa watumia maji na vikundi vya pwani, ambao si watumishi wa serikali, wala jina la yeyote kati yao halimo katika orodha ya mishahara ya mwisho wa mwezi. Sitaki kuwasifu tu, kwa maana sifa ni bidhaa rahisi na haijapata kumnunulia mtu kilo ya unga. Nataka kuonyesha kwa nini kazi ya baadhi yao imesimama imara miaka mingi, na kwa nini kazi ya wengine, wenye moyo ule ule na nia ile ile njema, ni nyepesi kuanguka.

Mbwemkuru huanzia bara, upande wa Liwale na Nachingwea, ukashuka kuelekea mashariki kupitia nchi ya Nanjirinji, na katika sehemu kubwa ya mwendo wake wa chini ndio mpaka wa wilaya za Kilwa na Lindi. Kusini ya bonde lake ndipo kilipo kilima cha Tendaguru, ambapo tangu 1909 hadi 1913 wataalamu wa Kijerumani, wakitegemea migongo na majembe ya mamia ya vibarua na wapagazi wa nchi hii, walichimbua mifupa ya dinosaria, ikabebwa kwa vichwa hadi Lindi, ikapakiwa melini, na leo imesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin. Miamba iliyoihifadhi mifupa ile si kitu ila mchanga na matope yaliyowekwa na maji ya pwani ya dahari zilizopita. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba mto kubeba udongo ni jambo geni au ni hatia. Ndiyo kazi yake tangu kabla ya kuwako mwanadamu wa kuulaumu. Jambo geni ni haraka. Udongo ambao zamani ulishuka kwa kiasi cha kuineemesha pwani siku hizi hushuka kwa fujo, ukaifukia.

Ibn Battuta, msafiri wa Tanja aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba mvua za huko ni nyingi, na aliyepata kukaa Kilwa katika mwezi wa Aprili hatamkanusha. Lakini wingi wa mvua si jambo moja na wingi wa maji. Mvua za pwani ya kusini huanza Novemba au Disemba zikaishia Mei, kisha hufuata nusu ya mwaka ambayo mbingu hutoa tone hapa na tone pale, na mto uliokuwa ukinguruma hubaki ukanda wa mchanga mweupe, wenye madimbwi machache yanayogombewa na watu, ng'ombe, nyani na mamba. Wakati huo wanawake huchimba mashimo katika mchanga wa mto, wakangoja maji yajikusanye, wakayateka kwa kata, na maji hayo, kwa kuwa yamechujwa na mchanga, mara nyingi ni safi kuliko ya dimbwi. Kina cha shimo ndicho kipimo cha afya ya bonde zima. Mwaka ambao shimo linatosha kufika kiwiko, nchi iko salama. Mwaka ambao mchimbaji anazama mpaka mabegani na bado mchanga ni mkavu, kuna jambo limeharibika kule juu, pengine mwendo wa siku mbili kutoka hapo alipoinama.

Jambo lenyewe si la siri. Mvua inayoanguka juu ya msitu hupokewa kwanza na majani, kisha na majani makavu yaliyotandikwa chini, kisha na udongo uliotobolewa na mizizi na wadudu, ikazama taratibu, na maji yaliyozama ndiyo yatakayotokea tena mwezi wa Septemba chini ya mchanga wa mto. Msitu ukifyekwa na nyasi zikateketezwa, tone lile lile hulipiga vumbi tupu, likaliziba kwa tope lake lenyewe, na maji yakakosa mlango wa kuingilia, yakateremka juu kwa juu. Udongo wenye msitu ni mtungi, na udongo mtupu ni sinia: vyote viwili hupokea maji yale yale, lakini kimoja huyaweka na kingine huyamwaga. Hivyo hupatikana ajabu inayowatatanisha wengi, ya kwamba nchi moja hulia mafuriko mwezi wa Januari na kulia kiu mwezi wa Oktoba, ilhali msiba ni mmoja wenye nyuso mbili.

Msiba huo uliingiaje katika bonde hili? Kwa karne nyingi umasikini wa njia ndio uliokuwa mlinzi wa misitu ya kusini. Aliyetaka kusafirisha magogo kutoka Kilwa au Lindi kwenda Dar es Salaam ilimpasa kuungoja mto Rufiji, kivuko chake na barabara yake ya tope, na wafanyabiashara wengi walipopiga hesabu waliona heri kwenda kwingine. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji, na neema ya daraja, ambayo hakuna mtu wa kusini atakayeikana, iliingia mkono kwa mkono na mashoka. Katika miaka michache iliyofuata mninga, mkongo na mpingo ilivunwa kwa kasi ambayo ofisi za misitu hazikuweza kuifuata wala kuihesabu, na kijiji kilichokuwa na msitu kilipata vumbi la malori na posho ndogo ya kibarua.

Kisha ikaja mifugo. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa katika Ihefu na bonde la Usangu, kwa hoja kwamba ng'ombe wao walikuwa wakiyakausha maji ya Ruaha Mkuu, na wengi wao wakaelekezwa kusini, wilaya za Kilwa na Lindi zikiwa miongoni. Hapa insafu yatutaka tuseme kweli: watu walihamishwa kutoka mto mmoja kwa sababu ya kuulinda, wakapelekwa kwenye mito mingine isiyo na ulinzi wowote, wakakutana na wakulima ambao hawakuulizwa, na magomvi yaliyozuka baadaye hayakuwa ya ubaya wa Msukuma wala wa Mmatumbi, bali ya mpango uliokosa kuhesabu vikombe vya maji kabla ya kukaribisha wageni.

La tatu ni ufuta. Zao hili ni baraka ya wazi. Limewapa watu wa Lindi na Kilwa nyumba za bati, pikipiki na karo za shule, na tangu lianze kuuzwa kwa mnada wa stakabadhi ghalani mwaka 2018 mkulima husikia bei ikitangazwa hadharani. Lakini ufuta hupenda shamba jipya. Mkulima hufyeka pori, hupanda misimu michache, magugu yakimzidi hulihama shamba akafyeka jingine, na bei ikipanda shoka nalo hupanda. Hakuna wa kumlaumu kwa kutafuta riziki halali. Ila kila shamba linalofika ukingoni mwa kijito ni sinia moja zaidi.

Sheria zipo, na kwa kweli ni nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasimamia maji ya nchi kwa mabonde tisa, na Mbwemkuru, pamoja na Matandu, Mavuji, Lukuledi na Ruvuma wenyewe, umo katika Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambalo bodi yake inakaa Mtwara. Chini ya bodi kuna kamati za vidakio, yaani za maeneo yanayokusanya maji ya mto, na chini yake kuna jumuiya za watumia maji, ambazo wanakijiji huziunda kwa hiari yao, zikasajiliwa, zikapewa kazi ya kulinda vyanzo, kugawa maji, kusuluhisha magomvi na hata kukusanya ada kwa niaba ya bodi. Lakini kutoka Mtwara mpaka kijito kimoja cha Nanjirinji ni mbali, na hakuna bodi duniani yenye watumishi wa kutosha kusimama kila mahali mtu anapoinua panga. Mita 60 za sheria hupimwa na macho ya jirani, au hazipimwi kabisa.

Basi tuwatazame hao majirani. Mfano ulio mkubwa kuliko yote katika wilaya ya Kilwa ni wa misitu ya vijiji, nao ulianza kwa mti mmoja. Mpingo, ambao Mmakonde huchonga vinyago vyake na Mzungu hutengenezea zumari zake za bendi, hukua kwa subira, ukachukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Katika miaka ya 1990 wanafunzi wachunguzi kutoka Uingereza walikuja Kilwa kuutafiti, na kutokana na safari zao likazaliwa shirika la kuhifadhi mpingo lenye makao yake Kilwa Masoko, ambalo liligundua jambo la hekima: kwamba mti hauokolewi kwa kuwafukuza watu walio karibu nao, bali kwa kuwafanya wamiliki wake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuwa imekwisha kufungua mlango, kwa kuruhusu kijiji kutenga msitu katika ardhi yake, kuupimia mipaka, kuuandikia mpango na sheria ndogo, na mapato ya mbao zake yakawa ya kijiji chote. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji mwema wa misitu, na hiyo ilikuwa misitu ya asili ya kwanza inayosimamiwa na wanakijiji katika Afrika kupata cheti cha namna hiyo. Vijiji vingine vikafuata, kikiwamo Nanjirinji A katika bonde la Mbwemkuru, ambacho kilitenga msitu wa zaidi ya hekta 60,000, eneo ambalo mtu wa miguu hulizunguka kwa siku kadhaa.

Kazi ya kuulinda msitu wa ukubwa huo iko mikononi mwa Kamati ya Maliasili ya Kijiji, inayochaguliwa na mkutano mkuu, ndani yake wakiwamo wanaume na wanawake. Wapiga doria huenda kwa miguu au baiskeli, wakilala porini, wakiwa na panga, chakula cha kubeba mgongoni na daftari. Huangalia visiki vipya, tanuri za mkaa, njia za ng'ombe, alama za mipaka zilizong'olewa. Hukutana na wavunaji haramu ambao wana msumeno wa mashine na lori linalowangoja, ilhali wao wapiga doria wana barua yenye muhuri wa kijiji. Mara nyingine barua hutosha. Mara nyingine hurudi mbio kutafuta polisi na kukuta lori limekwenda. Asiyepata kuingia msituni usiku hajui uzito wa kazi hiyo, na mimi huwacheka kidogo watu wa mjini wanaoita shughuli hii kupanda miti, kana kwamba taabu yote ni kuchimba shimo dogo na kupigwa picha.

Kazi nyingine, isiyojulikana na wengi, ni ya moto. Mtu wa kawaida huamini kwamba mlinzi wa msitu ni adui wa kila moto, ilhali walinzi wa Kilwa huuwasha wenyewe. Mvua zikikoma, majani yakiwa bado na unyevu, vikosi vya kijiji huchoma nyasi mapema katika njia na mipaka iliyopangwa. Moto wa wakati huo hutambaa chini kwa unyonge, haufiki kwenye matawi, na umande wa usiku huuzima. Hivyo unapofika mwezi wa Septemba au Oktoba, ambapo mwindaji au mrina asali akiacha kijinga kimoja nchi nzima huwaka, moto mkali hukosa chakula na miche michanga hunusurika. Katika mradi uliofadhiliwa na Norway kuanzia 2010, ambao ulitaka kupima hewa ya ukaa inayohifadhiwa na misitu, uchomaji huu wa mapema ndio uliokuwa kazi kubwa ya vijiji vya Kilwa. Faida yake kwa mto ni kubwa vile vile, kwa sababu mvua ya Disemba huikuta ardhi isiyoteketezwa yote ikiwa bado na nguo mwilini.

Fedha za magogo zimejenga majengo ya shule na ofisi ya kijiji, zikalipa posho za doria, na huo ndio moyo wa jambo. Mpiga doria wa Nanjirinji hujitolea kweli, kwa maana posho yake haitoshi kumlipa usiku mmoja wa mbu na hofu. Lakini hujitolea juu ya kitu ambacho ni milki ya kijiji chake, ambacho akikilinda leo ataona darasa kesho, na anapomzuia mwizi husema naye kwa lugha ya mwenye mali. Haki hiyo ya kumiliki ndiyo inayouweka ujasiri wake hai kila mwaka.

Sasa mgeukie mwenzake wa jumuiya ya watumia maji, au mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji kilicho kando ya mto, ambaye hana msitu wa kuuza. Yeye naye ana barua na muhuri. Amepewa kazi ya kumwambia mtu aliyelima mpaka kwenye maji arudi nyuma mita 60. Na mtu huyo ni nani? Pengine ni mjomba wake. Ni shemeji aliyemkopesha fedha za mazishi. Ni mzee anayesalisha msikitini siku ya Ijumaa, ambaye baba yake alilima papo hapo kabla ya Uhuru, na mboga zake ndizo zinazoliwa na kijiji kizima wakati wa kiangazi. Akimtoza faini, faini huingia katika mfuko ambao hauna mradi wa kuonyesha. Asipomtoza, wengine wataona na kusema sheria ina jamaa zake. Mtu asiyelipwa, asiyemiliki kitu katika anachokilinda, anaombwa agombane na akraba zake kwa ajili ya maji yatakayonywewa na watu wa Kiswere asiowajua. Ajabu si kwamba wajumbe wengine hujiuzulu kimya kimya. Ajabu ni kwamba wapo wanaoendelea, wakapanda mianzi na mabingobingo kingoni, wakaenda nyumba kwa nyumba kuzungumza taratibu, wakamwachia mkulima msimu mmoja avune ndipo ahame. Njia hiyo ya upole, ambayo mtu wa ofisini angeiita ajizi, kwa rai yangu ni siasa bora kuliko bango la onyo lililopigwa misumari katika mkuyu.

Wazee wetu walikuwa na mlinzi wa namna nyingine. Misitu mingi midogo ya pwani ya kusini, yenye chemchemi au makaburi, iliachwa bila kuguswa kwa sababu ilikuwa ya mizimu, na aliyekata mti humo alitegemea ugonjwa kabla ya kufika kwake. Maji yalikuwa na heshima yake: katika milima ya Matumbi na bonde la Rufiji, habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyesemwa kuwa alizama katika kidimbwi cha mto na kutoka akiwa mkavu, zilitosha kuwakusanya watu wa makabila mbalimbali katika vita vya Maji Maji vya 1905. Upande wa miji ya pwani, kuchimba kisima na kukiweka wakfu ilikuwa sadaka ya kudumu, ambayo mtu aliiacha ili thawabu zake zimfuate kaburini. Nayataja haya si kwa kutamani tuyarudie yote. Mzimu ulimfunga aliyeuamini peke yake; mnunuzi wa magogo aliyekuja na lori kutoka Dar es Salaam hakuuogopa, na mwanakijiji alipoona mgeni amekata na hajaugua, naye akanoa shoka lake. Ilibidi sheria ya maandishi ije. Lakini sheria imekuja bila ya kitu kimoja ambacho wakfu ulikuwa nacho, nacho ni mali maalumu iliyotengwa kwa ajili ya matengenezo: wakfu wa kisima aghalabu uliambatana na shamba au minazi ambayo matunda yake yalinunua kamba na ndoo. Wazee hawakuitegemea hisani tupu.

Huko mdomoni mwa mto, walinzi ni wengine tena. Mikoko ya Tanzania Bara imekuwa hifadhi ya serikali tangu enzi ya ukoloni, na zamani boriti za mkoko na mkandaa za Rufiji na Kilwa zilivuka bahari kwa majahazi hadi nchi za Ghuba. Wavuvi wanaijua faida ya mikoko bila kufundishwa, maana ni humo kamba, kaa na vifaranga vya samaki hujificha. Vikundi vya pwani vya kulinda rasilimali za uvuvi, vilivyoundwa kwa mujibu wa sheria za uvuvi, hupiga doria dhidi ya baruti na nyavu haramu, na baadhi yao hupanda mikoko mahali ilipokatwa. Lakini wao ndio wapokeaji wa mwisho wa kila kosa la bara. Tope likizidi, huzifunika nyasi za bahari na matumbawe, na mizizi ya mchu inayopumulia juu ya ardhi huzibwa nalo. Na mvuvi hawezi kupanda mwendo wa siku kadhaa kwenda kumshtaki mkulima wa ufuta ambaye hata hajui kwamba wana ujirani.

Kaskazini, huko Gazi katika Kwale ya Kenya, watu walilipata jibu moja la tatizo la kulinda bila mapato. Mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013, umekuwa ukiuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na mapato yake, ingawa si makubwa, yameleta maji safi na vifaa vya shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Na mbali zaidi, katika jimbo la Victoria la Australia, wakulima waliochoshwa na ardhi iliyochakaa walianza mwaka 1986 vikundi vya hiari vya kutunza ardhi na vijito, wakulima na watu wa mazingira wakikaa meza moja, na katika miaka michache serikali ya nchi nzima iliviunga mkono kwa fedha, navyo vikaenea kila jimbo. Hali zao si zetu. Mkulima wa Victoria ana hati ya shamba na trekta. Lakini hata kwao hiari haikuachwa ile upepo.

Na huku kwetu, mwishoni mwa Januari 2020, mito ya Kilwa ilifurika, vijiji vya mabondeni vikazingirwa, watu wakapanda miti na mapaa kuokoa roho zao, na wengine hawakuokoka. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kililetea pwani hiyo mvua zilizoikata barabara kuu ya kusini katika wilaya ya Kilwa, magari yakalala njiani siku kadhaa. Wazee wa Lindi bado husimulia tufani ya mwaka 1952, kwa hiyo hakuna wa kusema kwamba masaibu ya namna hii yameanza leo, wala msitu hauzuii kimbunga. Ila maji ya kimbunga yakianguka juu ya bonde lenye miti hufika mtoni kwa mafungu, na yakianguka juu ya bonde tupu hufika yote kwa pamoja; na tofauti ya saa chache kati ya hali hizo mbili ndiyo nafasi ya mama kuwatoa watoto nyumbani.

Gharama za kujenga upya daraja moja lililobebwa na mto huenda zingelipa doria na miche ya bonde zima kwa miaka. Halmashauri za pande zote mbili za Mbwemkuru hukusanya ushuru wa mazao kila msimu wa ufuta, na ufuta huo hunyweshwa na bonde lile lile. Basi na zitenge fungu katika ushuru huo, liandikwe katika bajeti kwa jina lake, lipelekwe kwa jumuiya za watumia maji na kamati za vijiji vya mtoni, ili mjumbe anapomwambia shemeji yake arudi nyuma mita 60 awe na mche wa mwembe au wa mkorosho wa kumpa mkononi badala ya maneno matupu. Bodi ya Bonde nayo iwakutanishe walau mara moja kwa mwaka wapiga doria wa Nanjirinji na wavuvi wa Kiswere, watazamane nyuso, maana ni watumishi wa mto mmoja. Na wewe msomaji uliye kijijini, juu au chini ya mto, siku mkutano mkuu utakapoitwa kusoma sheria ndogo ya vyanzo vya maji, usimtume mtoto akuwakilishe wala usiseme una shughuli shambani: nenda, uliza fedha zitatoka wapi na nani atazishika, kisha inua mkono wako.